Kitasa Kipya

Sehemu ya kumi na mbili

Msomaji, kama juma lililopita ulikunja gazeti ukiwa umenuna, hukuwa peke yako. Tulimwacha Mkunga amesimama barazani kwao saa nane mchana, ufunguo mkononi haugeuki, na kutoka ndani ya nyumba aliyozaliwa akasikia sauti ya mama yake mzazi ikitamka neno moja.

"Asifunguliwe."

Haya, tuendelee.

Mkunga hakuyaamini masikio yake. Alichomoa ufunguo, akaufuta kwa upindo wa sare yake nyeupe, akaujaribu tena. Haukuingia hata nusu. Ndipo alipotazama chini akaona unga wa mbao umemwagika kizingitini, na alipopandisha macho akakiona kitasa kinang'aa kama jino la dhahabu kwenye mlango uliochakaa. Kimetiwa leo leo, yeye akiwa wodini akipokea watoto wa watu, na mmoja wao alikuja kwa kutanguliza miguu.

Aliita. Alisikia tu fimbo ya mama yake ikigonga sakafu, ikienda taratibu kuelekea chumbani.

Kwa aliyeanza kutusoma leo, mambo ni mepesi. Huyu mama, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, alifundisha watoto wa darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimlegeza mkono na mguu wa kushoto. Tangu siku hiyo binti yake mkubwa, Mkunga, mwanamke wa miaka arobaini na mitano asiye na mume wala mtoto, ndiye anayemwogesha, anayemvalisha, anayempimia presha asubuhi na jioni. Ndani ya mkoba wake mchana ule zilikuwamo dawa za mama za mwezi mzima. Kidonge cha kwanza kilitakiwa kimezwe saa tisa kamili.

Na nje ya ua, chini ya michongoma, lilikuwa limeegeshwa gari moja dogo la mizigo ambalo Mkunga alilijua vizuri mno.

Lilikuwa la Vigae.

Vigae ni mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa Mwalimu. Jina hilo amelipata kwa kuuza vigae vya sakafu, na pia kwa sababu kila akija kusalimia hutazama chini kwanza, akipima sakafu ya watu kwa macho. Kwa miezi minne alikuwa akiimba wimbo mmoja: kwamba ua ule wa mbele ni uwanja unaolala bure, ung'olewe michongoma, vijengwe vyumba vinne vya maduka kama walivyofanya majirani.

Na majirani kweli walikuwa wamefanya. Mtaa ule ulikuwa wa nyumba tisa zilizofanana, kila moja na ua wake na kamba yake ya nguo. Sasa ya kwanza ni shule ya chekechea yenye sungura amechorwa ukutani. Ya pili wanaosha magari, maji ya sabuni yanatiririka barabarani mchana kutwa. Ya tatu wanachomelea mageti, na cheche zao ukizitazama unaona nyota hadi kesho yake. Nyumba ya Mwalimu na ya jirani yake wa kushoto tu ndizo zilizobaki nyumba.

Kwa hiyo Mkunga hakuhitaji kufikiri mara mbili. Alijumlisha gari, kitasa na michongoma, akapata jibu. Mdogo wake amemteka mama akili. Leo kitasa, kesho katapila.

Alizunguka hadi dirisha la jikoni. Vigae alikuwa ndani, amejifunga kanga ya mama yake kiunoni, anasugua sufuria iliyoungua. Alipomwona dada yake nyuma ya nondo alishtuka kama mwizi wa sukari.

Mkunga alimwambia afungue mlango. Vigae akasema hawezi. Mkunga akamuuliza hawezi au hataki. Vigae akasema ameagizwa asifungue, na aliyemwagiza dada anamjua, na yeye hana kauli. Alisema haya yote akiitazama sufuria.

"Na vitu vyangu?"

"Viko nyuma, dada. Kwenye baraza ya uani. Nimevipanga vizuri."

Mkunga alikwenda nyuma. Alikuta masanduku mawili. Alifungua la juu akaona sare zake zimepigwa pasi, viatu vyake vya kazi vimefungwa kwenye gazeti, na cheti chake cha ukunga, kile kilichokuwa kikining'inia sebuleni miaka ishirini, kimeviringishwa ndani ya taulo kisivunjike kioo.

Alikaa juu ya sanduku la pili. Hasira ilimpanda mpaka akasikia masikio yanavuma. Mtu anaweza kufukuzwa kazi, akavumilia. Anaweza kuachwa na mchumba, na hilo Mkunga analijua. Lakini kufukuzwa na mgonjwa wako mwenyewe, siku ambayo umemkata kucha kabla hujaondoka, hilo halina mahali pa kuliweka.

Akainuka. Kama Vigae anadhani huu ni mtaa usio na wenyewe, atajua leo.

Mwenyekiti wa mtaa ni kinyozi, na kinyozi alikuwa na mteja kitini, amemnyoa upande mmoja. Mkunga alimweleza kwa kifupi: mama yake mgonjwa amefungiwa ndani, mdogo wake amebadilisha kitasa, dawa za saa tisa ziko mkononi mwake na hakuna pa kuzipitisha. Mwenyekiti aliweka mashine chini. Mteja naye, akiwa na taulo shingoni na nusu ya kichwa, akaona bora afuatane nao kuliko kubaki akisubiri.

Walipofika, mwenyekiti alikohoa kikohozi cha kiserikali, akagonga mlango mara tatu, akataja cheo chake.

Dirisha la sebuleni likafunguliwa. Mwalimu mwenyewe akasimama pale, mkono wa kulia umeshika nondo, kitambaa cheupe kichwani, kidevu juu kama siku za ukaguzi.

"Ni wewe, mwenyekiti? Bado unachanganya r na l ukiandika?"

Mwenyekiti alisema si sana siku hizi, Mwalimu.

"Vizuri. Basi sikiliza, uandike kama utataka. Nyumba hii ina hati, na hati ina jina langu. Kitasa nimenunua mimi, fundi nimemwita mimi. Huyo binti nimemfungia mimi kwa akili zangu zote. Hakuna aliyenishika mkono."

Dirisha likafungwa.

Mwenyekiti alimgeukia Mkunga kwa huruma ya kweli. Alisema angekuwa amefungiwa mtu ndani, angeingia kwa nguvu ya mtaa. Lakini mwenye nyumba kumfungia nje mtu mzima mwenye kazi yake, hilo lilikuwa suala la kifamilia, na yeye ana mteja. Wakaondoka, mteja akigeuka nyuma kila hatua mbili.

Mkunga akabaki barazani peke yake. Hesabu yake yote imeharibika. Kama Vigae hajamteka mama, basi mama kamfukuza kwa hiari yake. Na kwa kosa gani? Alipekua miaka mitatu yote kichwani, akatafuta neno baya, sahani iliyowekwa kwa kishindo, usiku aliochelewa kuamka akiitwa. Aliyapata machache. Hakuna lililotosha kitasa.

Ilikuwa saa nane na nusu.

Hapo ndipo alipogundua kwamba ng'ambo ya michongoma kuna mtu anamwagilia maua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi mpaka mitaro ikafurika, lakini jirani wa kushoto alikuwa ameshika mpira wa maji, anamwagilia, na hatazami kwingine isipokuwa maua yale.

Huyu jirani alikuwa tarishi wa posta hadi alipostaafu, na wote wanamwita Posta. Kwa kawaida Mkunga akipita hukaa naye dakika kumi kwa salamu peke yake. Leo hakumsalimia. Alipenyeza uso kwenye michongoma, akamuuliza kwa upole ule anaoutumia kwa wajawazito wanaoficha kitu.

"Posta, umefanya nini?"

Maji yakaanza kumwagikia viatu vya mzee wa watu.

Alieleza yote kwa mkupuo, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Jumanne ilikuja barua. Mpeleka barua wa siku hizi, ambaye kwa maoni ya Posta hana macho wala wito, aliitupa kwenye geti lake. Yeye akaifungua akidhani ni ya mafao yake. Miaka thelathini katika kazi ile hakuwahi kufungua barua ya mtu, na sasa amestaafu ndipo ameifanya dhambi hiyo. Kwa aibu akaizunguka michongoma na kumpelekea Mwalimu mkononi, akakiri kwamba ameshaisoma. Mwalimu akamwambia kwa kuwa ameshaisoma, basi akae hapo barazani aisome tena kwa sauti.

Akaisoma. Mwalimu akasema arudie. Akairudia.

Mkunga hakuhitaji kuambiwa barua inasema nini. Aliijua. Ya kwanza ilikuja miezi miwili iliyopita kutoka chuo cha wakunga, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Walimtaka awe mkuu wa mafunzo ya vitendo. Walisema wakunga sita waliopita mikononi mwake wodini wote wamelitaja jina lake. Aliificha kabatini chini ya mashuka. Hii ya pili ilikuwa ya kumkumbusha: chuo kinasubiri jibu lake hadi Ijumaa saa kumi jioni, baada ya hapo nafasi atapewa mwingine.

Leo, msomaji, ni Alhamisi.

Hasira ya Mkunga haikupungua. Ilihama tu. Sasa ilikuwa imewakusanya wote: Posta na kiherehere chake, Vigae na kanga yake, mama na kitasa chake, na chuo kile kisichojua kukata tamaa. Kila mtu mtaani alikuwa ameketi kumpangia maisha, isipokuwa yeye mwenyewe, aliyekuwa kazini.

Alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la chumba cha mama yake, akagonga kioo kwa kidole.

"Mama. Najua habari ya barua."

Pazia halikusogea, lakini sauti ilitoka karibu sana, kumbe Mwalimu alikuwa amekaa palepale kando ya kitanda.

"Ya kwanza iko wapi?"

"Kabatini."

"Nilikuuliza kama chuo wamekuita tena. Uliniambia nini?"

Mkunga aliona uso unamwaka. Alijibu kwamba alisema wamemchukua mtu mwingine.

Mwalimu akasema kwamba katika kazi yake amedanganywa na watoto wa kila namna, waliokula chaki na kukana, walioua bibi zao mara tatu kwa muhula ili wakose shule. Hakutegemea kuja kudanganywa na mtu mwenye mvi, tena kwa jina la wema.

"Nani angekuogesha, mama?"

"Nilijua utafika hapo."

"Si swali la kufika. Nani? Vigae? Yule anaunguza maji."

"Mimi ndiyo kisingizio chako," Mwalimu alisema. "Unanibeba kama barua ya daktari ya kuombea ruhusa."

Neno lile lilimchoma Mkunga mahali asipopategemea. Alianza kujibu kwa kasi, akitaja usiku wote na asubuhi zote, akitaja mgongo wake unaouma, harusi za marafiki alizokosa, hata mchumba aliyechoka kungoja. Alisema hajawahi kudai shukrani, lakini hakuwahi kufikiri malipo yake yatakuwa kitasa. Alisema mengi. Upande wa pili wa michongoma mpira wa maji ulikuwa umefungwa ili mtu asikie vizuri.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini.

"Kabla sijaanguka, walikuita mara ngapi?"

Mkunga alikwangua rangi ya fremu kwa ukucha.

"Mara mbili. Wakati ule nilikuwa natembea mpaka sokoni na kurudi na kikapu. Sikuwa na haja ya kuogeshwa. Mara ya kwanza ukasema paa linavuja. Mara ya pili ukasema nini?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Ulisema watu wa kule hawana maji safi. Mwanangu, unamwogopa yule binti."

Hapo Mkunga aliegemea ukuta.

Mtaani hakuna anayeijua habari hii, na hata wewe, msomaji, tumekuficha majuma yote haya. Miaka kumi na moja nyuma, Mkunga alikuwa anafundisha. Wanafunzi saba walisimama nyuma yake siku alipompokea binti mmoja wa miaka kumi na tisa, mzazi wa mara ya kwanza, aliyekuja akitembea kwa miguu yake na kucheka. Damu haikukatika. Mkunga alifanya yote yaliyoandikwa na mengine yasiyoandikwa. Binti alifia mikononi mwake, mbele ya wale saba wenye madaftari. Uchunguzi ulifanywa, ukasema hana kosa. Mtoto alipona. Lakini tangu siku hiyo Mkunga hakusimama tena mbele ya wanafunzi. Waliokuja wodini aliwafundisha kimyakimya, kwa mikono, mmoja mmoja, bila kukiita kitendo kile kufundisha.

"Wale saba," Mwalimu alisema nyuma ya pazia, "wako wapi sasa?"

"Wanafanya kazi. Mmoja ni muuguzi mkuu."

"Waliiacha kazi kwa sababu ya siku ile?"

"Hapana."

"Basi waliona kitu ambacho wewe hukukiona."

Mkunga alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amechoka uchovu wa mtu aliyesukuma mlango saa nzima, kumbe unafunguka kwa kuvuta. Alitamani kumkasirikia mama yake zaidi, akatafuta hasira, akakuta imebaki ya kujikasirikia mwenyewe.

Saa yake ya mkononi ilionyesha tisa kasoro dakika sita.

Alimwambia mama afungue, ameze dawa. Mwalimu akamwambia aziweke dirishani, Vigae atazichukua. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, Mkunga alikataa kitu kwa sauti thabiti. Alisema hapitishi dawa kwenye nondo kama mtu anayemtazama mfungwa. Ataingia kwa mlango au vidonge vitabaki mkobani, na presha ikipanda mama ataandika hilo nalo kwenye hati yake.

Mkunga akasikia kitu ambacho hakukitarajia. Mwalimu alikuwa anacheka.

"Utaandika jibu?"

"Nitaandika mbele yako."

"La kukubali?"

Mkunga alifumba macho. Alimwona yule binti, akamwona akicheka kama alivyokuja. Akayafumbua.

"La kukubali."

Fimbo ikagonga sakafu mara mbili, amri ya zamani ya darasani, na Vigae akaja mbio kufungua.

Mkunga alivua viatu mlangoni kama kawaida, akaingia miguu mitupu. Sebule ilikuwa ileile na haikuwa ileile. Pale kilipokuwa cheti chake ukuta ulikuwa na alama ya mraba safi. Kwenye ujia palikuwa na godoro la Vigae limekunjwa, na mswaki wake tayari uko bafuni, ameuweka kikombe kimoja na wa mama. Harufu ya kuungua ilikuwa imetanda kote.

Alimpa mama kidonge na maji. Alimpima presha. Ilikuwa juu kidogo, si ya kutisha kwa mtu aliyegombana na mtaa mzima. Kisha akakaa mezani kwenye kiti cha karibu na mama, akachukua kalamu, akaandika. Maneno yalikuja kwa shida mwanzoni, halafu yakaja yenyewe. Mwalimu alimtaka asome kwa sauti, akasoma. Mwalimu akasahihisha mahali pamoja, akisema mtu haombi radhi kwa kukubali kazi. Mkunga akafuta radhi, akaandika upya, akatia sahihi, akalamba bahasha.

Vigae alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, anajikausha mikono, macho mekundu. Alitaka dada yake aondoke na moyo mweupe, kwa hiyo akaanza kumtoa wasiwasi. Alisema vile vyumba vya maduka asivifikirie tena, michongoma itabaki. Mke wake na watoto wanahamia mwisho wa mwezi. Alisema sasa anajua kumwinua mama kitandani bila kumvuta bega, anajua sabuni ipi inamwasha, anajua chai yake inawekwa upande gani. Alikuwa amejifunza kila kitu, akija hapa kila mchana dada akiwa zamu.

"Wiki tatu sasa, dada. Sijakosa hata siku moja."

Alisema kwa fahari.

Mkunga alitabasamu. Kisha tabasamu likaganda.

Wiki tatu.

Barua ilikuja Jumanne. Leo ni Alhamisi. Mtu anayejiandaa kuchukua nafasi yake kwa ajili ya barua angekuwa na siku mbili. Vigae alikuwa na wiki tatu. Kwa ajili ya nini?

Huko nje waosha magari waliwasha ile mashine yao ya kupulizia maji, ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka. Mkunga aliinuka taratibu akiwaza, bila kusukuma kiti, akatembea miguu mitupu hadi dirishani. Kichwa chake kilikuwa kinafanya hesabu. Wiki tatu zilizopita kulitokea nini? Mama aliacha kwenda kanisani, akisema mguu unamuuma. Aliacha kutaka gazeti, akisema habari zote ni zilezile.

Mashine ilinyamaza. Mkunga akageuka ili aulize.

Lakini mama yake alikuwa tayari anaongea, uso wake umeelekea mezani, kwenye kile kiti, mkono wake mzima umenyooshwa kwa mapenzi juu ya meza.

"Usininyamazie," Mwalimu alikiambia kiti kitupu. "Mimi mama yako. Nakuona unavyokunja uso."

Mkunga alisimama dirishani, hatua nne upande wa kulia, kwenye mwanga wote wa alasiri. Macho ya mama yake hayakumfuata.

Polepole aligeuza shingo kumtazama mdogo wake. Vigae alikuwa ameshaona kwamba dada ameona. Machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi sasa, lakini aliinua kidole chake kilicholowa maji ya vyombo, akakiweka midomoni, akatikisa kichwa.

Na bahasha ilikuwa mkononi mwa Mkunga, gundi yake bado mbichi.